Mombasa Hulisha kwa Saa: Pa Kula na Kunywa kwa Anayerudi Likizo

Mtu aliyekaa Doha au Birmingham miaka mitano hurudi Mombasa na hamu ya vyakula ishirini na likizo ya wiki mbili. Nusu ya hamu hiyo huondoka nayo tena, kwa sababu aliamka saa nne. Chakula cha mji huu kinajaa na kutoka kama maji ya bahari. Mahamri ya saa moja asubuhi si yale ya saa tano, na mishkaki ya mkaa huipati adhuhuri hata ukizunguka Mji wa Kale mzima. Ndiyo maana hapa tunafuata mchana na usiku, na majina ya mikahawa tunayataja pale tu yanapofaa.

Tuanze na pesa, maana ndizo zinazowaaibisha wengi mbele ya karai. Noti za shilingi 1,000 za zamani, zenye sura ya rais, zilikoma kutumika tangu 1 Oktoba 2019. Zilizobaki kwenye droo lako ughaibuni ni ukumbusho tu. Noti za zamani za 50, 100, 200 na 500 bado ni halali. Hata ukiwa na elfu moja mpya, muuza viazi hana chenji yake saa kumi na moja jioni, kwa hivyo ivunje mapema kwenye kituo cha petroli au supamaketi. Laini ya simu uliyoiacha miaka mingi huenda imeshafungwa. Sajili nyingine kwa kitambulisho au pasipoti siku ya kwanza, uwashe na M-Pesa hapo hapo dukani. Vibanda vingi hupokea M-Pesa kwa till, yaani nambari ya malipo ya duka, au kwa Pochi la Biashara, ambayo ni ya wauzaji wadogo. Linganisha jina linalotokea kwenye simu na lile lililobandikwa kibandani, kwa sababu nambari moja ikikosewa pesa zinakwenda kwa mtu mwingine, na kuzirudisha ni kazi. Kadi ya benki itakufaa Nyali na kwenye mikahawa mikubwa, basi.

Beba pia kikapu na bakuli lenye kifuniko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017, na mbaazi zenye tui haziendi mbali ndani ya karatasi.

Alfajiri hadi saa tatu

Mahamri na mbaazi za nazi huuzwa barazani, milangoni na kwenye vihoteli vidogo vya Kibokoni, Bondeni, Makadara na Majengo. Ukifika kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili unayakuta yakitoka motoni. Baada ya saa tatu unanunua mabaki. Salimia kwanza: "Subalkheri, mama" hufungua mlango ambao "ni bei gani?" haiufungui. Kisha sema idadi ya mahamri, na mbaazi uzitaje kwa pesa: "Nitilie mbaazi za hamsini." Ukitaka kubeba, "nifungie" inatosha.

Hamri zuri ni jepesi mkononi na limevimba pande zote mbili; ukilipasua ndani mna uwazi na harufu ya iliki. Likiwa zito na limeshikana katikati, unga haukuumuka au mafuta hayakuwa na moto wa kutosha. Mbaazi nazo ziangalie juu. Tui zito hutiwa mwisho na halichemshwi kwa nguvu. Ukiona mafuta yameelea na chini kuna maji yenye chenga nyeupe, tui limekatika. Hazina madhara, lakini ule ulaini uliouota miaka mitano haumo. Muuzaji wa jirani atakuwa nazo nzuri.

Ukiwa tayari uko mjini, pita Marikiti kwenye Barabara ya Digo kabla jua halijawa kali. Viungo vya pilau na biriani nunua vizima, usage mwenyewe au usagiwe ukiona. Binzari nyembamba iliyosagwa zamani imeshapoteza harufu, na huwezi kujua imechanganywa na nini. Maembe ni ya msimu, hasa kuanzia Novemba hadi Machi: ngowe kwa kula, boribo kwa anayependa nyama nene isiyo na nyuzi. Kongowea, ng'ambo ya daraja la Nyali, ni soko la jumla. Linakufaa ukiwa unalisha harusi, na kwa kilo mbili za embe litakuchosha bure.

Adhuhuri

Hiki ndicho kipindi cha wali. Ukitaka samaki, jua umekuja na upepo gani. Kaskazi inapovuma, takriban Desemba hadi Machi, bahari hutulia na mashua hutoka kwa urahisi. Wanaokuja Julai na Agosti kwa sababu ya likizo za shule za Ulaya hukutana na kusi: mawimbi, samaki wachache, bei juu. Uliza waziwazi, "Wa leo au wa barafu?" Ukiruhusiwa kumwona kabla hajapikwa, angalia jicho lililojaa na angavu, na matamvua mekundu. Jicho lililodidimia halihitaji maswali zaidi.

Samaki wa kupaka huchomwa kwanza, kisha hupakwa tui zito lenye ukwaju, thomu na pilipili, akarudishwa motoni akapakwa tena. Hilo huchukua muda. Mkahawa ukikuletea baada ya dakika kumi, huenda ni samaki wa kukaanga aliyemwagiwa mchuzi. Changu na tewa hufaa sana kwa pishi hili. Anayetaka samaki wa kukaanga wa kawaida asihangaike na mikahawa: mama karanga wa mtaani, mwenye karai lake na foronya nyeupe juu ya sinia, ana tafi na changu wa kumshinda mpishi yeyote wa hoteli ya ufukweni.

Ijumaa ni siku ya biriani. Hapa wali na rojo hupikwa mbalimbali na hukutana kwenye sahani, tofauti na pilau ambayo kila kitu huivia sufuria moja. Uzito wa rojo hutokana na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vya kahawia na kukauka, kisha vikavunjwavunjwa. Rojo la majimaji lenye ukali wa nyanya ni la mtu aliyebana vitunguu. Jihadhari na saa: karibu saa sita na nusu sehemu nyingi za Waislamu hufungwa kwa swala ya Ijumaa hadi kama saa nane hivi, na wakifungua foleni ni ndefu na sufuria ina mwisho. Weka oda asubuhi. Njia bora kuliko zote ni kuagiza sinia kwa mama anayepikia nyumbani. Kila familia ya mjini inamjua mmoja, nawe mwulize shangazi yako.

Mwenye wageni kutoka nje, au wazazi wasioweza vichochoro, ana mikahawa ya kukaa. Forodhani, ukingoni mwa Mji wa Kale, ina vyakula vya Kiswahili mbele ya maji. Jahazi, mtaa wa Ndia Kuu, ni pa kahawa na mito ya kuegemea baada ya kutoka Fort Jesus. Tamarind ya Nyali inatazama Bandari ya Kale kutoka ng'ambo, ni ya vyakula vya baharini, na bei yake ni ya kusherehekea jambo. Piga simu kabla ya kuwabeba watu kumi: saa na siku za kufungua hubadilika, hasa wageni wakipungua.

Alasiri, Mama Ngina

Baada ya saa kumi, mji unahamia ufukweni mwa Mama Ngina, chini ya mibuyu, mahali ambapo meli za Kilindini hupita karibu hadi unasoma majina yake. Muhogo wa kuchoma hupasuliwa katikati ukapakwa ndimu, chumvi na pilipili ya unga. Ukiuma ukahisi uchungu, tema na uache. Muhogo mchungu una sumu, na kuuchoma juu juu hakuiondoi. Kachiri za muhogo nunua zilizokaangwa ukiona, kwa sababu za tangu asubuhi hulegea kwa unyevu wa bahari.

Kwa madafu kuna lugha yake. Tunda la mnazi hupita kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi. Ukisema "nipe dafu" tu, muuzaji atachagua yeye. Sema unataka la maji mengi, au lenye nyama laini. Ukimaliza kunywa mrudishie alipasue, naye atakukatia kipande cha ganda uchotee nyama yake. Kwa tumbo lililozoea maji ya bomba ya Toronto, dafu lililofunguliwa mbele yako ni miongoni mwa vinywaji salama zaidi mjini. Maji ya ukwaju na ya miwa ni matamu mno, ila yana barafu, na barafu ni maji usiyoyajua. Subiri siku tatu nne kabla ya kuyaingia. Kachumbari na chatne mbichi vivyo hivyo; anza na vinavyotoka motoni. Mtoto aliyezaliwa nje apunguziwe pilipili kwa kusema "usitie" kabla mkono wa muuzaji haujafika bakulini, kwa maana mkono huo una kasi.

Jumapili pamejaa magari. Shuka kwenye tuktuk mbali kidogo, utembee.

Magharibi na kuendelea

Hapa ndipo Mombasa inapokula kwa moyo wote. Viazi vya karai ni viazi vilivyochemshwa vikavikwa rojo la unga lenye binzari ya manjano, vikakaangwa, vikaliwa na chatne ya ukwaju. Simama kwenye karai lenye watu wengi. Sababu si sifa: palipo na watu viazi havipoi, na mafuta hayapati nafasi ya kusimama na kuungua. Mafuta meusi yenye povu yakwepe. Pembeni utakuta bajia, kababu, katlesi na mkate mayai, ambao ni kima na yai vilivyofungwa ndani ya unga mwembamba na kukaangwa kwenye bapa. Huo kula palepale, ukipoa unakuwa ngozi.

Mishkaki huanza kufuka baada ya swala ya magharibi. Nyama hulainishwa kwa papai bichi, tangawizi na thomu. Papai likikaa mno nyama hugeuka uji unaodondoka kwenye kijiti. Lisipotiwa utatafuna hadi isha. Ukiupata mkate wa mofa, uliopikwa kwa kubandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo, usile mishkaki na kitu kingine. Anayetaka meza na kiti aende Barabara ya Makadara. Tarboush ipo hapo kwa kuku wa tikka, naan na shawarma, na usiku watu hula hadi nje barabarani.

Kisha kahawa. Ni chungu, haina sukari, mara nyingi ina tangawizi, na hutiwa kwenye finjani kutoka dele lililokaa juu ya mkaa. Utamu hutoka kwenye kashata, halua au tende: uma kidogo, kisha fyonza. Usiombe sukari.

Sehemu karibu zote tulizozitaja za Mji wa Kale hazina pombe, na kuingia nayo ni utovu wa adabu. Bia ipo kwenye baa za mjini, Nyali, Bamburi na Mtwapa. Mnazi, yaani tembo la mnazi, hunywewa mangweni, vilabuni mwake, huko bara ya Kisauni, Bamburi na Likoni. Uliogemwa asubuhi hiyo ni mtamu. Kufikia jioni umekuwa mkali, kwa kuwa haukomi kuchacha. Kwa hiyo usiuzibe kwenye chupa ukauweka buti la gari, hewa itaipasua. Nenda na mwenyeji, na urudi kwa tuktuk.

Ramadhani hupangua kila kitu hiki, nayo husogea nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka, kwa hivyo itazame kabla ya kukata tiketi. Mchana vihoteli vingi vya Mji wa Kale havifungui, na kula barabarani kunaumiza wenzako. Lakini kuanzia alasiri barazani huwa na kaimati, vibibi, mkate wa sinia na sambusa kwa wingi usioupata miezi mingine. Nunua saa kumi na moja. Dakika za mwisho kabla ya adhana hakuna tuktuk wala chenji.

Vya kubeba nunua siku moja kabla ya safari: mabuyu, kashata, viungo vizima, halua, achari. Achari na halua ziwekwe kwenye sanduku linalopakiwa, kwa sababu kwenye mkoba wa mkononi chochote cha majimaji au cha kunata kinachozidi mililita 100 kinaweza kuchukuliwa ukaguzini. Funga chupa ya achari kwa nailoni chini ya kifuniko, uizungushie taulo, uisimamishe katikati ya nguo. Nyama na samli ya nyumbani usijaribu kuziingiza nchi za Umoja wa Ulaya. Matunda mabichi huko yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa ndizi, nazi, nanasi, tende na durian. Boribo lako, basi, lile uwanja wa ndege kabla ya kupanda.