Kutoka molasi hadi ethanoli ya jiko: somo la ndoo moja

Wakuu, spiriti (ethanoli) yote inayotoka kwenye mtambo wa kukeneka, yaani kuchemsha na kupoza mvuke, ilishatengenezwa ndani ya ndoo. Mtambo unaitenga tu na maji. Kwa hiyo somo hili linakaa zaidi kwenye uchachushaji. Leseni ya kukeneka ipatikane kwanza.

1. Changanya kilo 5 za molasi (mabaki mazito ya kutengeneza sukari) na lita 8 za maji. Pasha hadi 80°C kwa dakika 20, funika, acha itulie usiku kucha. Mimina ya juu tu. Tope la chokaa linalobaki chini likiingia mtamboni hugeuka ukoga mgumu.

2. Ongeza maji safi hadi lita 20, kwenye ndoo ya lita 30 maana povu ni jingi. Haidromita (kipimo cha uzito wa kimiminika ukilinganisha na maji, ambayo ni 1.000) isome kati ya 1.070 na 1.080. Shusha pH (kipimo cha uchachu) hadi 4.5–5 kwa asidi ya sitriki, kisha weka urea gramu 10, chakula cha hamira.

3. Loweka hamira ya chenga gramu 20 kwenye maji ya 38°C kwa dakika 15, uimimine. Koroga kwa nguvu sasa, hamira inahitaji hewa ili izaliane. Baada ya hapo usifunue tena. Mpira wa kutolea gesi kwenye kifuniko uzame kwenye chupa ya maji. Zitatoka karibu lita 600 za kaboni dayoksaidi: ukiziba, ndoo inapasuka, ukifungia chumba, unakosa hewa wewe.

4. Joto libaki 30–32°C. Hapa ndipo wengi wanapopoteza mavuno. Likizidi 35°C hamira inachoka huku sukari bado ipo, na bakteria wanaila. Zungushia ndoo gunia lililolowa. Siku tatu hivi zinatosha.

5. Keneka kwa hita ya umeme, kamwe si moto wa wazi. Mwali wa ethanoli hauonekani vizuri juani. Njia ya mvuke isizibwe. Kichwa cha mnara wa mtambo, juu mvuke unapotokea, kikae 78–80°C. Kikipanda, maji yanafuata. Tarajia karibu lita 1.4 ya asilimia 90.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, haidromita imegoma 1.025. Hamira imekufa?*
Hapana. Molasi ina chumvi na vitu visivyochachuka, haifiki 1.000. Pima tena baada ya saa 12, isiposogea, imekwisha.

*Yangu inanuka siki.*
Hewa imeingia, na bakteria wamegeuza ethanoli kuwa asidi. Hairudi, mwaga. Kagua kifuniko na mpira.

*Naweza kuchanganya na petroli ya pikipiki?*
Hii hapana. Ukeneke mara ngapi, utagota kwenye asilimia 95.6 kwa uzito, kwa sababu hapo maji na ethanoli vinachemka pamoja. Ndani ya tangi maji hayo hujitenga na petroli na kukaa chini. Viwanda hupitisha mvuke kwenye zeolaiti 3A, madini yenye vitundu vidogo mno: vitundu vyake hunasa maji, ethanoli haipenyi, na inatoka asilimia 99.5.