Ziba mwanya wa paa kwa wavu, si kwa udongo: kurekebisha nyumba ya kijijini ili mbu wa malaria asiingie

Kabla hujatoa futi kamba, omba kuingia chumbani saa sita mchana. Funga mlango na madirisha, kaa chini, subiri macho yazoee giza. Kila penye mwanga, mbu anapita. Shika kipande cha mkaa uweke alama: huku mwanga umeingia chini ya mlango, kule kwenye fremu ya dirisha iliyoachana na ukuta, na juu, pande zote, ule mstari mrefu wa mwanga kati ya ukuta na paa. Mstari huo ndio kazi yenyewe. Hayo mengine ni nyongeza.

Ninayoyaeleza nayafanya vijijini mkoani Mtwara. Nyumba ni za miti na udongo, chache za tofali za kuchoma, paa la nyasi au bati. Ndani unamkuta bibi na wajukuu, au mama mwenye mgonjwa. Watu hao hawajengi nyumba mpya mwaka huu wala mwakani, kwa hiyo nyumba waliyonayo ndiyo ya kutengeneza. Wapo mafundi, na wapo wafadhili, wakiona ukuta wa udongo wanachofikiria ni kubomoa tu. Sikubaliani nao. Ukuta wa udongo hauna kosa, kosa liko juu yake.

Mtu akilala, pumzi na harufu yake hupanda na hewa ya moto na kutokea kwenye uwazi wa juu. Mmoja wa mbu wa malaria wa kwetu, Anopheles gambiae, huja usiku akifuata harufu hiyo. Akifika ukutani anapanda nao mpaka juu, na huko anakuta njia iko wazi usiku kucha. Nchini Gambia watafiti walilipima jambo hili kwenye nyumba za watu, na matokeo yakatoka mwaka 2009. Nyumba zilizowekwa wavu milangoni, madirishani na kwenye mwanya wa paa ziliingiza mbu pungufu kwa asilimia 59. Zilizowekwa dari la wavu tu, bila kuguswa mlango wala dirisha, asilimia 47. Watoto wenye upungufu mkubwa wa damu walikuwa asilimia 19 katika nyumba zisizoguswa, na asilimia 12 katika zile za aina zote mbili zilizowekewa wavu. Mimi huwatajia wenye nyumba hizo namba za damu kuliko za mbu. Kila mama hapa anajua maana ya mtoto kuongezewa damu.

Sasa kuna njia ya haraka, na kila fundi anaijua: kanda udongo, panda ngazi, jaza mwanya wote mpaka bati. Usifanye hivyo. Chini ya bati, nyumba isiyo na pa kupumulia inakuwa tanuri. Mtu akiona joto anafungua mlango usiku, au anatoka kulala nje kwenye mkeka, na chandarua kimebaki ndani. Huko huko Gambia waliona kwamba nyumba ya bati iliyozibwa juu huku mlango wake umeachia nyufa haikumkinga mtu, kwa sababu mbu walihamia kwenye nyufa za mlango. Hewa inayopita ina faida nyingine pia, maana inatawanya pumzi ya waliolala, na mbu anakosa harufu ya kufuata. Kwa hiyo azuiwe mbu, hewa ipite. Hiyo ni kazi ya wavu.

Kabla ya kununua wavu, kaa na mwenye nyumba. Mwanya ule una kazi zake ambazo mtu aliyekuja na gari hawezi kuziona. Bibi mmoja nilipomweleza nataka kuziba aliniuliza, "Sawa mjukuu wangu, na jembe langu utaniwekea wapi?" Nikatazama juu ya ukuta. Kulikuwa na jembe, panga, kifurushi cha mbegu za mahindi, madaftari ya watoto, kandambili moja na kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni. Mwanya ndio kabati la nyumba. Ukimzibia bila kumpa mahali pengine, baada ya wiki utakuta wavu umepasuliwa palepale jembe lilipokuwa likichomekwa, na hutakuwa na haki ya kulalamika. Nilipigilia ubao mmoja ukutani usawa wa mkono wake akiwa amesimama, na vigingi vitatu vya jembe na panga. Kazi ya nusu saa.

Swali la pili la kumuuliza ni la jiko. Kama anapikia ndani, moshi unatokea kwenye mwanya huohuo. Jiko litoke kwanza, wavu ufuate. Banda la miti minne na nyasi nje linatosha kuanzia, ila mvua za Desemba zisimkute bado halijaezekwa. Atakayekuambia moshi unafukuza mbu, mwambie kwa heshima kwamba moshi huohuo ndio unaowakohoza watoto. Jiko la mkaa lisiingizwe kabisa chumbani usiku, hasa baada ya kupunguza nafasi ya hewa. Hapo usibembelezane na mtu, hewa ya mkaa inaua.

Vipimo. Tuseme nyumba ni mita 6 kwa 8, paa la pande nne, mwanya unaizunguka nyumba yote. Mzunguko ni mita 28. Mwanya ukiwa wa sentimita 30, unahitaji ukanda wa sentimita 40 ili upate pa kubana juu na chini. Wavu wenye upana wa sentimita 120 ukiukata kwa urefu unatoa kanda tatu, kwa hiyo mita 10 zinakupa mita 30 za ukanda, na mbili zinabaki kwa viungo na viraka. Paa likiwa la pande mbili, pima pembetatu za ncha mbili za nyumba peke yake. Nyingi zimeachwa wazi kabisa, na hizo hula wavu kuliko unavyodhania.

Nunua wavu wa dirisha wa kawaida, matundu yake yasizidi milimita 1.5. Wa plastiki unatosha kwa juu kwa sababu paa linaukinga na jua. Karibu na jiko usiuweke, unayeyuka. Chandarua kilichochakaa kisikushawishi: kinararuka upesi, na mwenye nyumba ataona umemletea takataka.

Kazi ngumu ni pa kushikia. Ukuta wa udongo haushiki msumari, unabomoka. Juu ya ukuta safisha vumbi, mwaga maji kidogo, laza papi, yaani ubao mwembamba, kwa urefu wote wa ukuta juu ya udongo uliokandwa na simenti kidogo, kisha ikamate na mbati, yaani ule mti uliolala juu ya ukuta, kwa waya wa kufungia kila baada ya nusu mita. Papi ipakwe oili chafu siku moja kabla, la sivyo mchwa watakushukuru. Acha udongo ukauke siku mbili. Ndipo unapigilia wavu chini kwenye papi na juu kwenye mti wa kwanza wa paa, unaolala sambamba na ukuta. Usipigilie misumari mitupu juu ya wavu, kwa sababu upepo utauchana kuanzia kwenye tundu la msumari. Funika kila mshono kwa papi nyembamba ya pili, wavu ubanwe katikati kama nyama ya mshikaki.

Miti ya paa inayochomoza nje ndiyo inayowashinda vijana wengi. Kila mti unapopita, kata wavu kwa mkasi kutoka juu kwenda chini, uzungushe masikio mawili kwenye mti, yapishane, uyafunge kwa uzi wa nailoni. Palipobaki tundu la kidole, sukumia udongo wenye simenti. Ni kazi ya kuudhi, shingo inauma, na hapo ndipo fundi wa mkataba anapokimbia. Ukiruka miti mitano umeacha milango mitano. Rudia kipimo cha saa sita mchana, safari hii ukitafuta mwanga mkali usiochujwa na wavu.

Ikiwa paa limechoka kiasi kwamba huna pa kushikia wavu, achana na mwanya. Fanya dari la wavu kwenye chumba cha kulala peke yake. Piga papi kuzunguka kuta nne za ndani, pitisha waya mbili au tatu ukutani hadi ukutani, tandaza wavu juu yake, bana kandokando. Namba za Gambia zinaonyesha kwamba damu ya watoto ilinufaika na dari kama ilivyonufaika na kazi kamili, na gharama yake ni ndogo kwa kaya isiyo na kitu.

Mlango ndio utakaobishaniwa. Ukitaka ule wa wavu, ufungukie nje, fremu iwe ya ubao wa inchi 2 kwa 2 na mkato wa mshazari usije ukalegea. Sehemu ya chini, mpaka usawa wa goti, weka mbao badala ya wavu, kwa sababu ya mbuzi na watoto. Ili ujifunge wenyewe, kata ukanda wa tyubu ya baiskeli, pigilia upande mmoja kwenye fremu na mwingine kwenye mlango upande wa bawaba, ukiwa umevutwa kidogo. Ukanda mwingine wa tyubu upigilie chini ya mlango ufagie kizingiti. Pesa isipotosha mlango wa wavu, huo ukanda wa chini usiuache.

Dirisha moja dogo juu karibu na dari halisaidii kitu. Yanatakiwa mawili, kwenye kuta zinazotazamana, na kizingiti cha chini kiwe karibu na usawa wa kitanda, sentimita 60 hivi, upepo umpitie aliyelala. Watu watakataa, na sababu wanazo: mwizi, nyoka, jicho la jirani, na hofu ya wanga ambayo fundi hana haja ya kubishana nayo. Nondo tatu za kusimama, wavu kwa ndani, pazia la nusu. Akikataa bado, dirisha libaki juu. Nyumba ni yake.

Mwenye uwezo wa kujenga upya huwa namwambia akatazame zile nyumba za ghorofa zilizosambazwa vijijini hapa Mtwara kwa utafiti, zinazoitwa Star Homes. Ni 110, familia zilipatikana kwa bahati nasibu, na mchoraji wa ramani zake ni Mdenmarki, Jakob Knudsen. Kabla yake walianzia Magoda, mkoa wa Tanga, kwa nyumba 6 za majaribio. Vyumba vya kulala viko juu, kuta zake zinapitisha hewa, maji ya mvua yanakingwa bati hadi kwenye tangi. Kulala juu si mbwembwe. Gambia walijaribu kibanda kilichoinuliwa mita 3 kutoka ardhini, kikaingiza gambiae pungufu kwa asilimia 84 kuliko kile kilichokaa chini. Shaka yangu ni ngazi. Bibi mwenye magoti mabovu hapandi kila usiku, kwa hiyo kwa mzee chumba cha chini kiwepo, chenye wavu kamili.

Kuhusu majira: pesa ya korosho inaingia wakati mvua zinakaribia, na kila mtu anamtaka fundi wiki moja. Chukua vipimo na ukate papi mapema, udongo upate kukauka kabla ya Desemba. Usipokee malipo yote kwa bibi asiye na mtu; wavu anunue yeye au mwanawe, risiti ibaki kwake, wewe chukua ufundi wako tu. Mwachie kipande cha wavu, sindano kubwa na uzi wa nailoni, na mfundishe mjukuu mkubwa kushona kiraka mbele yako. Chandarua kinaendelea kutundikwa kama zamani.

Siku chache baadaye utaitwa: "Fundi, mbu bado wapo." Nenda asubuhi mapema na tochi, tazama waliotua ukutani. Aliyetua mkia juu, mwili umeinama, ni wa malaria, kwa hiyo tafuta tundu ulilosahau. Aliyelaza mwili sambamba na ukuta ni Culex, anayezaliana shimo la choo na kuingilia mlangoni. Huyo mfuate chooni. Tundu la choo liwe na kifuniko, na juu ya bomba la hewa funga kipande cha ule wavu uliobaki, ukikaze kwa mpira wa tyubu.