Namna ya Kutafuta na Kuthibitisha Ndege Adimu Pwani ya Dar es Salaam Wakati wa Kaskazi

Kuanzia Novemba hadi Machi, upepo wa kaskazi unapovuma na joto la Dar es Salaam likiwa kali, fukwe za jiji hupokea wageni ambao wakazi wengi huwapita bila kuwatupia jicho: ndege wa mwambao waliozaliana Siberia, Asia ya Kati na Uarabuni, ambao hukaa huku hadi baridi ya kwao ipite. Ndani ya makundi hayo ya kawaida ndimo hujichanganya ndege adimu. Mwongozo huu unahusu kazi mbili, yaani kumpata ndege huyo na kuandika ushahidi utakaomridhisha mtu ambaye hakuwapo. Kazi ya pili ni ngumu zaidi na ndiyo inayopuuzwa, na kwa sababu hiyo ndege wengi walioonekana kweli katika mwambao huu hawamo katika kumbukumbu yoyote.

Jambo la kwanza la kupanga ni maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, hapa Dar es Salaam maji hupwa sana karibu saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa kufikia saa kumi au saa kumi na moja jioni. Maji yakiwa yamekupwa, ndege hutawanyika mbali juu ya miamba na mchanga, na hata darubini nzuri huonyesha vitone tu. Yanapojaa, ndege husukumwa kuelekea nchi kavu, na katika saa mbili za mwisho kabla ya maji kujaa kabisa hukusanyika mahali pachache pasipofikiwa na mawimbi, wakasimama bega kwa bega wakipumzika. Hizo ndizo saa za kazi. Kwa kuwa pwani yetu inatazama mashariki, mtu anayekwenda alasiri ya bamvua hupata faida ya pili: jua huwa mgongoni mwake na rangi za ndege huonekana zilivyo, ilhali asubuhi ndege yuleyule huonekana kama kivuli cheusi. Siku za maji mafu, yaani kati ya bamvua moja na nyingine, sehemu kubwa ya mchanga haifunikwi na ndege hawalazimiki kukusanyika, hivyo ni afadhali kuzitumia kwenye mabwawa ya majitaka, kama yale ya Vingunguti, au msituni.

Ukanda wenye manufaa zaidi, kwa maoni yangu, ni ule wa Kunduchi, Ununio na Mbweni, ambako mikoko, mashamba ya chumvi na mchanga mpana viko karibu karibu. Katikati ya jiji, mdomo wa Mto Msimbazi penye Daraja la Selander una tope linalovutia ndege wengi licha ya kelele za magari. Upande wa Kigamboni, fukwe za Mjimwema zinafaa. Kwa membe, kisiwa kidogo cha mchanga cha Fungu Yasini ni mahali pazuri, lakini kimo ndani ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo kuna kiingilio cha kulipa na boti ya kukodi. Popote uendapo, zungumza na wavuvi na akina mama wanaookota kombe. Baada ya kumpa mzee shikamoo yake, usimuulize kama kuna ndege adimu, kwani swali hilo halina jibu; muulize ndege wakubwa weupe wenye miguu mirefu hulala wapi maji yakijaa. Atakuonyesha kwa kidole.

Vifaa ni vichache. Darubini ya kukuza mara 8 yenye lenzi za milimita 42 inatosha kwa kuanzia, pamoja na daftari, kalamu ya risasi, kofia na maji ya kunywa. Darubini ya kusimamisha juu ya miguu mitatu husaidia sana ufukweni, lakini ukosefu wake usikuzuie kwenda.

Ukifika, usikimbilie kutafuta asiye wa kawaida. Wajue kwanza walio wengi: kitwitwi wa aina mbalimbali, sululu mwenye mistari kichwani na mdomo mrefu uliopinda chini, na Calidris ferruginea, ndege mdogo wa kijivu ambaye mdomo wake nao umepinda chini na ambaye huonyesha weupe safi juu ya mkia anaporuka. Pitisha darubini polepole kutoka upande mmoja wa kundi hadi mwingine, ndege mmoja mmoja, kisha rudia kutoka upande wa pili. Angalia urefu wa miguu, umbo la mdomo na namna ya kula kabla ya rangi, kwa sababu katika miezi hii wengi wao huvaa manyoya ya kijivu yanayofanana. Kuna mmoja mwenye mdomo mrefu uliopinda juu na miguu mifupi ya rangi ya machungwa, Xenus cinereus, ambaye hukimbia ameinama akifukuza kaa huku akibadili mwelekeo ghafla. Ukishauona mwendo wake huhitaji tena kusubiri rangi.

Mgeni ninayewasihi watu wamtafute ni Dromas ardeola, mla kaa. Ni mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu-buluu na mdomo mweusi mnene usiofanana na wa ndege mwingine yeyote wa mwambao. Huzaliana katika fukwe za Uarabuni na maeneo jirani, tena kwa namna ya pekee, kwani huchimba handaki mchangani na kutaga humo yai moja jeupe. Kinda lake husafiri na wazazi hadi huku na huendelea kuomba chakula likiwa ufukweni kwetu. Kwa hiyo ukiona ndege wa kijivu zaidi akimfuata mwenzake mweupe huku akilia na kuinamisha kichwa, andika kwamba ni mzazi na mtoto, kwa maana taarifa hiyo ina thamani kuliko hesabu peke yake.

Sasa kuhusu ushahidi. Unapomwona ndege usiyemtambua, andika kabla ya kufungua kitabu au programu ya simu. Ukishaona picha ya ndege unayemdhania, macho huanza kuona alama zilizo kwenye picha, na programu nayo hutoa jina hata pale ambapo picha yako haitoshi. Chukua mfano wa Calidris alpina, ndege adimu sana Afrika Mashariki, anayefanana mno na Calidris ferruginea. Dokezo lisemalo "nimemwona, nina hakika" halina kazi. Dokezo lifaalo lingesomeka hivi: "Kunduchi, saa tisa na nusu alasiri, maji yanajaa, jua nyuma yangu, umbali wa kama mita 50. Amesimama kati ya ferruginea sita. Miguu yake ni mifupi kuliko yao. Mdomo mweusi, umenyooka na kupinda kidogo kwenye ncha tu. Aliporuka mara mbili nimeona mstari mweusi katikati ya weupe ulio juu ya mkia." Alama hiyo ya mwisho ndiyo inayoamua, kwa kuwa ferruginea hana mstari huo. Piga picha hata kama ni mbaya, kwa kuweka simu kwenye lenzi ya darubini. Chora pia, kwani mchoro hukulazimisha kutazama sehemu ambazo ulikuwa umeziruka. Ndege akiwa na pete au kibendera mguuni, andika rangi, mguu wa kulia au wa kushoto, na kama iko juu au chini ya goti.

Usisahau anga. Novemba na Desemba, mvua za vuli zinapokatika na kumbikumbi kutoka ardhini, kozi wadogo aina ya Falco amurensis huweza kupita juu ya jiji wakitoka Asia ya Mashariki, baada ya kuvuka Bahari ya Hindi, kuelekea kusini mwa Afrika. Dume ni wa kijivu, mapaja yake ni mekundu ya kutu, na manyoya ya mbele chini ya bawa ni meupe. Msitu wa Pugu unahitaji mwongozo wake wenyewe, kwa hiyo siuingii hapa.

Kaa mbali na kundi lililopumzika. Ndege wakianza kuinua vichwa na kutembea, umeshasogea kupita kiasi, rudi nyuma. Hili ni muhimu zaidi Machi na Aprili, wanapokusanya mafuta mwilini kwa safari ya maelfu ya kilomita, na kila mruko wa bure huwapunguzia akiba hiyo. Kunguru weusi, ambao asili yao ni India, tayari huwasumbua vya kutosha. Usielekeze darubini kwenye kambi za jeshi, bandari wala Ikulu, na pale unapokusudia kurudi mara kwa mara, jitambulishe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Peleka orodha yako jioni ileile kwenye eBird, tovuti ya kimataifa ya kumbukumbu za ndege, au kwa mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania, ambao umekusanya kumbukumbu za nchi nzima tangu miaka ya 1980. Weka ndege wote uliowaona pamoja na idadi, si yule adimu peke yake, kwani mhakiki, yaani anayekagua kumbukumbu zinazopelekwa, atataka kujua alikuwa na nani. Akikuandikia kuuliza maswali, mjibu kwa kunukuu daftari neno kwa neno, na ikiwa alama iliyohitajika haimo, muombe amweke ndege huyo kwenye jina la kundi lake bila kutaja spishi.