Mvua ikikata Februari hapa Dodoma (Dom): jinsi ya kusoma utabiri wa msimu na kujipanga na joto

Mbukwenyi wana Dom! Kila mwaka naona kitu kilekile, redio inatangaza vuli zitakuwa chini ya wastani, watu wa Nzuguni wanaanza kuulizana itakuwaje, wakati ile taarifa ni ya Dar, Tanga, Kilimanjaro na Kanda ya Ziwa huko. Sisi hatuna vuli wala masika. Sisi ni watu wa mvua za msimu, zinaanza Novemba mwishoni au Desemba, zinaisha Aprili, basi. Kwahiyo ukifungua taarifa ya TMA, wale wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ruka hayo mengine yote, tafuta palipoandikwa Novemba mpaka Aprili, afu tafuta Dodoma na Singida, hapo ndo pako.

Ukifika hapo usiishie kwenye neno "wastani", hilo neno limeponza wengi na mi nimo. Dodoma kwa mwaka tunapata kama mm 550 hadi 600, sasa hizo zinaweza kuja kidogokidogo zikakufaa, au nusu yake ikamwagika wiki mbili za Januari, makorongo yakafurika, Februari ikawa kimya. Kwenye karatasi zote mbili ni wastani! We soma zile sentensi za chini ambazo watu hawafikagi: zinaanza lini, zinaisha lini, na kama kuna maneno "vipindi virefu vya ukavu". Mi hata wasipoyaandika nahesabu kipo, maana hapa mvua kukata wiki mbili tatu kuanzia Januari mwishoni si ajabu. Ukanda wa mvua unalifuata jua kwenda kusini, mwezi wa pili unakuwa umetupita, na kukitokea kimbunga upande wa Msumbiji na Madagaska kinaweza kutunyang'anya unyevu wote kikauvutia huko kwake. Afu jua lenyewe linapita utosini kwetu mwanzoni mwa Machi, kwahiyo mawingu yakiondoka Februari unalipata lote.

Mwaka mmoja nilipanda mahindi heka mbili kule Chamwino, mbegu ya muda mrefu, zote siku moja, najiona mjanja. Yamefika kutoa mbelewele mvua ikakata siku ishirini. Nilivuna mabua. Bibi wa shamba la jirani yeye alikuwa na uwele wake umesimama tu, akaniambia "mjukuu wangu, mahindi ni chakula cha wageni".

Siku hizi sehemu kubwa naweka mtama na uwele, alizeti kidogo, mahindi ya muda mfupi yanakaa kule bondeni tu, na napanda kwa awamu mbili ili ukavu usinikute vyote vinachanua. Matuta nakata kukingama na mteremko maji yasikimbie. Palizi wahi mvua ikiwa bado ipo, yale majani uliyong'oa yaache juu ya udongo yaufunike. Na mbolea ya kukuzia usiimwage kwenye udongo mkavu, ni hela unatupa, subiri utabiri wa siku tano uonyeshe mvua.

Sasa utajuaje kama ukavu umefika pabaya? Nenda shambani saa saba mchana uangalie majani ya mahindi, yatakuwa yamejikunja kama mtu kaviringisha sigara, hapo usipanike, mmea unajikinga tu usipoteze maji. Rudi kesho saa kumi na mbili asubuhi. Yakiwa yamefunguka, bado una siku kadhaa. Ukiyakuta bado yamejikunja na umande upo, ujue mizizi haipati kitu, kama una maji ya kumwagilia ni leo, kama huna basi fikiria kuwakatia ng'ombe mapema kabla hayajakauka kabisa.

Nyumbani hesabu ni rahisi. Mm 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Bati lako likifunika mita 8 kwa 5, mvua moja ya mm 20 inakupa lita 800, yani ndoo 40 kubwa, toa zinazomwagika bado una thelathini na kitu. Watu wanaacha hiyo iende korongoni halafu wiki ya pili ya ukavu wananunua maji ya boza! Weka gata, ule mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa bati, hata upande mmoja.

Joto la ndani nalo lina namna yake. Sisi tuko juu kama mita 1,100 na hewa yetu kavu, usiku panapoa, kwahiyo fungua madirisha jioni mpaka asubuhi, saa nne jua likianza kukolea funga na pazia shusha. Wengi wanafanya kinyume, wanafungua mchana kuingiza upepo wa moto. Kama huna siling bodi bati litakuchoma tu, hapo hata feni inakupulizia joto. Maji ya kunywa weka kwenye mtungi wa udongo pembeni ya dirisha lenye kivuli, hewa kavu hii inaupoza kuliko ule wa Dar. Kuku ukiona wanahema midomo wazi waongezee maji kivulini, chakula wape asubuhi na jioni.

Ila joto lenyewe la Dom ni la Oktoba na Novemba, jua linapopita tena utosini na mvua bado haijaja, nyuzi 31 na zaidi mchana. Huo ndo muda wa kupanda juu ya bati kutoa majani ya mwarobaini kwenye gata na kusafisha tenki. Na ile mvua ya kwanza usiikinge, iache ioshe vumbi la miezi saba.