Yai, chumvi na kizibo: ninavyofundisha kuelea na kuzama

Muulize mtoto kwa nini jiwe linazama, atakujibu: "Kwa sababu ni zito." Mwoneshe gogo la mwembe ambalo watu wawili hawalibebi, nalo linaelea. Tuanzie hapo. Tafuta glasi, yai bichi, chumvi, kizibo cha soda na koleo.

Hatua ya 1: Maneno. Kabla ya kugusa maji, watunge sentensi. Utapata "meli imezama", "jua limezama", "amezama kwenye mawazo". Mtoto wa pwani atasema chombo kimetota. Wa bara atashangaa, kwake kinachotota ni nguo iliyonyeshewa. Na mtu je? Aliyezama huenda akaokolewa. Aliyekufa maji, basi tena. Hakikisha anapatikana wa kusema "mawingu yanaelea". Sentensi hiyo iandike ubaoni, usiifute.

Hatua ya 2: Kizibo. Kilaze juu ya maji taratibu, upande wa shimo ukiwa juu. Kinaelea. Kitoe, kikunje kwa koleo hadi kibanane kabisa, kirudishe. Kinazama! Bati ni lile lile, uzito ule ule. Kilichopungua ni nafasi kinayoichukua majini. Archimedes wa Sirakusa, mtaalamu wa hesabu wa Kigiriki wa kale, aliieleza siri hii zaidi ya miaka 2,200 iliyopita: maji hukisukuma kitu juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosogezwa. Ndiyo maana pantoni ya chuma inavusha malori Kigamboni.

Hatua ya 3: Yai. Kwenye maji ya bomba linazama. Litoe, koroga chumvi kijiko kimoja cha chai, lirudishe; endelea hivyo hivyo. Kwa glasi ya mililita 250, mara nyingi vijiko vitano au sita vinatosha kuliibua. Yai halijapungua uzito. Maji ndiyo yamekuwa mazito kwa ujazo ule ule, yaani densiti yake imepanda.

Tumia yai la karibuni. Siku moja nilibeba lililokaa sana kabatini, likaelea kwenye maji matupu mbele ya darasa zima. Yai likikaa, unyevu hutoka kupitia matundu ya ganda na hewa ikaingia. Mama lishe yeyote angenikanya.

Hatua ya 4: Katikati. Jaza nusu glasi maji ya chumvi, weka yai, kisha mimina maji yasiyo na chumvi polepole sana juu ya mgongo wa kijiko. Yai litabaki katikati, halipandi wala halishuki. Waulize: linaelea au limezama? Watabishana, waache. Halafu waoneshe ile sentensi ya mawingu ubaoni. Wingu halipo juu ya hewa, limo ndani yake, na bado tunasema linaelea.

Glasi usiimwage. Maji hayo mawili huchanganyika kidogo kidogo, kwa hiyo kesho asubuhi waandike yai limesogea upande gani.