Jinsi ya kuchonga na kupaka rangi kichwa cha Okoye kwa mbao

Kama unatafuta mhusika wa filamu wa kuchonga, mi nakushauri umchukue Okoye, yule jenerali mwenye kipara wa Dora Milaje, kikosi cha wanawake wanaomlinda mfalme kwenye Black Panther ya 2018, aliyeigizwa na Danai Gurira. Watu wengi wanakimbilia wahusika wenye kofia au nywele nyingi wakidhani hizo ndio kazi kubwa na kipara ni kazi ndogo, kumbe nywele zinakuficha na kipara kinakuanika, kila mtu atakayeipita hiyo sanamu ataona kama umelijua fuvu la mtu au hujalijua. Ukimpata Okoye hao wengine utawaweza.

Tuanze na mti. Mpingo achana nao kwa kazi hii, ni mgumu, bei juu, halafu mti wenye weusi mzuri vile kuupaka rangi juu ni kuukosea heshima kabisa. Tafuta jakaranda, ni laini, nyeupe nyeupe, inashika rangi vizuri. Mwembe nao unafaa, na wachongaji wa pwani ya Kenya siku hizi wanatumia sana mwarobaini. Chukua kipande cha urefu wa kama sentimita 30, upana 22 na kina 18, nyuzi za mti ziwe zinapanda kutoka mabegani kwenda utosini, na hakikisha ule moyo wa mti haupo katikati ya kipande, maana mipasuko mingi inaanzia hapo na itakupitia usoni. Kama mti bado mbichi paka nta au gundi ya mbao kwenye ncha zote mbili ili usikauke haraka upande mmoja, uweke kivulini, jua la moja kwa moja hapana.

Picha tafuta mbili za maana, moja ya mbele kabisa na moja ya ubavuni kabisa, uziprinti kwa saizi moja, yaani kidevu na utosi vilingane kwenye zote. Hapa tufanye kichwa chenyewe kina urefu wa sentimita 16. Mstari wa macho unakaa katikati, sentimita 8 kutoka utosini, na hapa ndipo wengi wanaharibu, wanapandisha macho juu kwa sababu wanaona uso tu wanasahau fuvu. Upana wa kichwa ni kama macho matano yaliyopangwa, na kutoka kipaji hadi kisogo ni karibu sentimita 14. Sikio linaanza usawa wa nyusi linaishia usawa wa chini ya pua, na ukitazama ubavuni liko nyuma ya katikati, sio katikati.

Chora umbo la ubavuni kwenye gogo kwanza, kata kwa msumeno, kisha chora la mbele ukate tena. Utabaki na kitu cha pembe pembe kinachofanana na kichwa kwa mbali, ndio tezo inaingia sasa. Acha nyama, yaani mti wa ziada, kila mahali, hasa puani, maana ncha ya pua ndio sehemu iliyochomoza kuliko zote na mti ukishaondoka haurudi. Chora mstari wa katikati kutoka utosini hadi kifuani, na kila ukiukata uchore upya, usichonge hata dakika tano bila ule mstari.

Sasa fuvu, hapa tulia. Kichwa cha mtu sio mpira. Kisogo kinatoka nje, pembeni juu ya masikio ndipo penye upana mkubwa zaidi, halafu kinakuja kikiwa chembamba mbele kwenye paji, na kwenye panja kuna kabonde kidogo ambako usipokachonga sanamu inaonekana imevimba. Funga macho upitishe viganja vyote viwili kichwani kwako, kisha kwenye mbao, mkono utakuambia tofauti kabla ya jicho. Halafu zima taa ya juu, weka taa moja pembeni na uzungushe kichwa taratibu, kivuli kikikatika ghafla mahali ambapo ngozi ingeteleza, hapo pana kilima cha kuondoa. Fanya hivi mara nyingi, ni bora kutumia siku nzima kwenye fuvu kuliko kwenye macho.

Macho nayo usichonge kope kwanza. Chonga jicho zima kama mpira mdogo ndani ya shimo lake, kisha kope zikae juu yake, ya juu itokeze zaidi ya ya chini. Midomo izunguke kufuata meno, usiichonge bapa. Okoye ana ule mtazamo wa mtu aliye kazini, taya limekaza kidogo, shingo imenyooka, hivyo usimpe tabasamu.

Pete za shingoni zichonge kutoka kwenye mti huo huo, usibandike waya. Pima kwa kamba ya kuzungushia ili mistari ikutane nyuma, kata kwa msumeno mwembamba, kisha uzungushe kila pete kwa tupa. Ruth E. Carter, aliyebuni mavazi na kushinda Oscar kwa kazi hiyo 2019, aliangalia pete za wanawake wa Ndebele na wekundu wa Wamaasai, na za Okoye ni dhahabu wakati wenzake wanavaa za fedha, kwa hiyo ukimpaka fedha umemshusha cheo!

Msasa anza na namba 80, kisha 120, 180, umalizie 240, na uvae barakoa maana vumbi la mbao sio la kuchezea. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, nyuzi zitasimama, zikikauka pitisha 240 tena. Paka prima, ile rangi ya msingi ya kutangulia, matabaka mawili membamba.

Kwa ngozi changanya akriliki ya kahawia na wekundu wa udongo na njano kidogo. Kwenye vivuli usitie nyeusi, ngozi inakufa, tia bluu kidogo kwenye kahawia. Rangi iwe nyepesi yenye maji, tabaka juu ya tabaka, ili kazi ya patasi ibaki ikionekana. Mashavu, masikio na ncha ya pua vinapenda wekundu zaidi, panapopita mfupa weka rangi iliyokolea njano. Weupe wa jicho usiwe mweupe kabisa, na chini ya kope ya juu weka kivuli chembamba.

Tatuu ya kichwani ichore kwanza kwenye karatasi laini, ikate vipande ili ikae kwenye mviringo, uhamishe kwa karatasi ya kaboni kisha upake kwa brashi namba 0, kahawia iliyokolea sana badala ya nyeusi tupu. Pete zipake kwanza rangi ya udongo mwekundu ndio dhahabu juu yake, inang'aa kwa joto zaidi.

Ikikauka kabisa, vanishi isiyong'aa ngozi yote, inayong'aa kwenye macho na pete tu.