Kwenda Udzungwa bila gari? Inawezekana kabisa

Wengi wanaogopa kwenda Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa eti hawana gari, wakati mule ndani hakuna hata barabara ya gari, ni mguu tu! Ukitokea Dar au Morogoro, panda basi la Ifakara, likifika Mikumi linaacha lami ya Iringa linakata kushoto, we mwambie konda mapema akushushe Mang'ula, maana ukisinzia unajikuta Ifakara saa hizo.

Sasa hapa ndo watu huchemka. Basi linapita kijiji cha Sanje kwanza, unaona maporomoko ya maji kwa mbali yanang'aa kama uzi mweupe mlimani, unatamani ushuke. Usishuke. Kulipia na kuchukua mtu wa kukuongoza ni getini Mang'ula, halafu ndo unarudi Sanje, kama kilomita 10 hivi, bodaboda inatosha. Malipo si ya keshi, kwahiyo kadi au simu iwe na salio.

Viatu viwe na soli inayoshika ardhi vizuri, raba iliyoisha soli utateleza hasa kwenye kushuka. Machi mpaka Mei mvua zinapiga kweli, mi nisingeenda. Na nguo ya kuogelea beba, maji ya Sanje ni baridi lakini yanaita.